Kufundisha Kifaransa Xi'an kwa pasipoti ya Kongo

Wakala wa kwanza atakayekupigia simu atakuomba useme unatoka Ubelgiji. Atalisema kwa upole, kama mtu anayekufanyia hisani: mimi sina shida na wewe, dada, ila tukiandika Kongo wazazi wa watoto watauliza maswali. Mkatalie, ukate simu. Kibali cha kazi China kinatolewa kwa pasipoti, na siku askari wakija darasani kukagua karatasi, wakala hatakuwepo. Sababu ya pili nimeijua nikiwa kulekule: Wachina wengi wanajifunza Kifaransa ili waje kwetu. Wanakwenda kwenye migodi yetu ya Katanga: Kolwezi, Likasi, Fungurume. Kwa watu hao, mwalimu aliyekulia Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, ana thamani kuliko yule wa Brussels anayeijua Katanga kwa ramani.

Mimi nilisomea Kifaransa ISP, chuo cha ualimu, hapa Lubumbashi, nikafundisha sekondari, kisha nikafundisha Xi'an kwa miaka kadhaa. Tangu nirudi, wadogo zangu wa kazi wananiuliza yaleyale, na karibu wote wanaanza na mshahara. Mshahara tutauzungumza. Tuanze na karatasi, maana ndizo zinazowarudisha watu.

Karatasi

Viza ya kazi inaitwa Z, na haianzii ubalozini. Mwajiri wako kule ndiye anayeomba kwanza, kwa serikali ya mahali pake, barua ya taarifa ya kibali cha kazi. Ukishaipata barua hiyo ndipo unaipeleka ubalozi wa China Kinshasa. Shule ikikuambia "njoo na viza ya biashara, tutabadilisha huku", ujue ama haina ruhusa ya kuajiri mgeni, ama ilikuombea ikakataliwa. Sheria yao ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika Julai 2013, inamtoza mgeni anayefanya kazi bila kibali faini ya yuan 5,000 hadi 20,000. Kosa likiwa zito anawekwa ndani siku 5 hadi 15, na anaweza kufukuzwa nchini. Jambo hilo linawahusu pia watoto wetu wenye bursa wanaofundisha jioni kwa siri. Viza ya masomo peke yake haikupi ruhusa ya kufundisha.

Ili barua itoke utatakiwa kuonyesha diploma, uthibitisho wa kazi ya angalau miaka miwili, casier judiciaire safi (hati ya kutokuwa na makosa ya jinai) na cheti cha afya. Mwenye graduat tu, ile diploma yetu ya miaka mitatu, namshauri amalize licence, shahada kamili, kwanza, maana afisa wa Xi'an anayesoma tafsiri ya Kichina hajui graduat yetu ni mnyama gani. Kwa walimu wa lugha, kanuni inataka mtu afundishe lugha yake ya kwanza, na hapo ndipo Mkongo anapoulizwa maswali. Jibu letu ni kwamba Kifaransa ni lugha rasmi ya Kongo, ndiyo tuliyosomea tangu shule hadi chuo, na jibu hilo linakuwa na nguvu zaidi mtu akiwa na diploma ya Kifaransa au ya ualimu. Ofisi moja inaweza kukubali, nyingine ikakataa. Kwa hiyo muulize mwajiri waziwazi: umeshawahi kumpatia kibali mwalimu mwenye pasipoti ya Afrika? Barua yangu itatoka lini? Na usiuze friji kabla haijafika.

Kuhusu kufundisha Kiingereza, sahau. Kibali hicho wanapewa hasa raia wa nchi ambazo Kiingereza ni lugha ya kwanza, na Mkongo anayekifundisha kule mara nyingi yuko nje ya sheria, hata kama darasa lake linampenda.

Sasa majina. Hili linatusumbua kuliko watu wa nchi nyingi. Sisi tuna nom (jina la kwanza kwenye hati), post-nom (la pili, linalolifuata) na prénom (kama Sarah). Diploma ina mawili, pasipoti ina matatu, casier imetanguliza prénom, na karani wa komini ameweka "w" mahali pa "u". Fomu ya Kichina ina sehemu mbili tu, jina la ukoo na jina la mtu, na kompyuta haisikilizi maelezo. Kwake Kabedi Ngoie Sarah na Sarah Kabedi ni watu wawili. Fanya pasipoti kuwa bwana. Karatasi nyingine zote ziifuate herufi kwa herufi, na ile isiyoweza kurekebishwa itafutie hati ya komini inayothibitisha kwamba mwenye majina hayo ni mmoja. Ukifika, utaandika majina kwa mpangilio huohuo benki, kwenye laini ya simu na kwenye tiketi ya treni. Kadi ya benki ya mwenzangu ilikataa kabisa kuungana na simu kwa sababu ya nafasi moja tupu kati ya majina mawili.

Mihuri ya kuthibitisha karatasi hizo inapigwa Kinshasa: Wizara ya Elimu ya Juu, Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi. Kutoka Lubumbashi hiyo ni tiketi ya ndege, au ndugu mwaminifu aliyeko Kinshasa mwenye procuration, barua yako ya uwakilishi. Mtandaoni utasoma kwamba China inakubali apostille, muhuri mmoja wa kimataifa, tangu Novemba 2023 na ubalozi hauna kazi tena. Hiyo ni kwa nchi zilizojiunga na mkataba huo. Sisi bado tunapitia ubalozini.

Njia na siku za kwanza

Kutoka Luano unapanda ndege hadi Addis Ababa, na Addis kuna ndege za Guangzhou, Beijing na Chengdu. Mimi napenda Chengdu kwa ajili ya treni. Tangu Desemba 2017 kuna reli ya mwendo kasi inayopita ndani ya milima ya Qinling hadi Xi'an kwa karibu saa nne, sehemu kubwa yake ndani ya mahandaki. Unaacha upande wa mpunga na ukungu, unatokea upande wa ngano na vumbi. Hapo ndipo China ya kusini inapopakana na ya kaskazini, na utaelewa mapema kwa nini watu wa Xi'an wanakula tambi na mkate kuliko wali. Kadi ya njano ya chanjo iweke pamoja na pasipoti, si kwenye sanduku.

Usipolala hotelini, ndani ya saa 24 lazima ujiandikishe kituo cha polisi cha mtaa unaokaa. Shule nyingi zinamtuma mtu akusindikize. Isipomtuma, nenda mwenyewe na pasipoti pamoja na mkataba wa nyumba. Kisha kuna vipimo vya afya vya kwao, hata kama ulipimwa Lubumbashi: damu, mkojo, picha ya mapafu, moyo. Ndani ya siku 30 tangu uingie uwe umeomba kibali cha ukaazi, kinachobandikwa kwenye pasipoti. Wakati huo polisi wa uhamiaji watabaki na pasipoti yako na kukupa stakabadhi. Hiyo ni kawaida. Isiyo ya kawaida ni mkurugenzi wa shule kuiweka kwenye kabati lake "kwa usalama". Mwombe akurudishie siku hiyohiyo, kwa adabu, mbele ya watu.

Kabla ya kuondoka L'shi, yaani Lubumbashi, weka WeChat kwenye simu yako na ya mama. WhatsApp, Facebook na Google hazifunguki kwenye intaneti ya kawaida ya China, na mama akikukosa wiki nzima atakwenda kanisani kuombesha. Kufungua akaunti ya WeChat mara nyingi kunahitaji mtu mwenye akaunti ya zamani akuthibitishe, na kwa Lubumbashi hiyo si shida: kila familia ina mjomba au shemeji anayefanya kazi na Wachina. Xi'an iko mbele yetu kwa saa sita. Ukimaliza chakula cha jioni, hapa watu ndiyo kwanza wanatoka kula mchana.

Pesa taslimu utaziona mara chache. Muuza viazi vitamu vya kuchoma kando ya barabara naye ana karatasi yenye alama ya QR ya kupigwa picha kwa simu ili kulipa. Kadi ya Visa ya benki ya hapa inaweza kuunganishwa na Alipay au WeChat hadi ufungue akaunti ya kule, ila ijaribu mapema. Dola zako badilisha benki ukiwa na pasipoti. Hapa tunakataa noti yenye kovu dogo; kule sokoni hakuna atakayeitazama hata ikiwa mpya.

Nyumba

Ukipewa nyumba ya shule, chukua, angalau mwaka wa kwanza. Ukipanga mwenyewe, desturi ni kulipa kodi ya miezi mitatu kwa mpigo na amana ya mwezi mmoja, yaani minne kabla hujalala. Ndani ya ukuta wa kale kuna uzuri, lakini majengo mengi ni ya zamani, bila lifti, na ununuzi wa Jumamosi unaupandisha kwa miguu. Mimi nilikaa kusini, upande wa Xiaozhai, kwenye njia ya pili ya metro, inayokata mji kutoka kituo cha treni cha kaskazini, inapita chini ya Mnara wa Kengele, na kuteremka hadi wilaya ya Chang'an penye vyuo vikuu.

Kabla ya kutia sahihi tazama chini ya dirisha kama kuna bomba za joto. Uliza "nuanqi". Joto la mji linawashwa katikati ya Novemba na kuzimwa katikati ya Machi, na jengo lisilo nalo litakufundisha sala mpya. Baridi ya Juni ya Lubumbashi, ile tunayovalia makoti, ni asubuhi ya kawaida ya Oktoba kule. Januari maji yanaganda. Koti usinunue hapa. Nunua kule, ni bora na bei nafuu. Viatu ndivyo vya kubeba, hasa kwa wanaume wenye miguu mikubwa.

Darasani

Utakutana na wanafunzi wa aina mbili. Kuna vijana wanaotaka chuo Ufaransa, wanaohitaji kiwango cha B2 kwenye mtihani wa Kifaransa wa TCF au DELF. Na kuna watu wazima waliotumwa na kampuni za ujenzi na migodi, wenye miezi michache kabla ya ndege. Usiwafundishe sawasawa.

Wote wawili watakuja na sarufi kichwani. Kijana wa miaka kumi na tisa atakuandikia subjonctif, sarufi ngumu ya vitenzi, bila kosa, kisha umuulize alikula nini asubuhi, atazame meza. Ukiuliza darasa zima "nani anajibu?" utapata kimya, na ukimya huo hauna dharau. Hakuna anayetaka kukosea mbele ya wenzake, wala kuonekana anajitanguliza. Wape swali, waache dakika mbili wazungumze wawili wawili, zunguka usikilize, kisha umwite kwa jina yule uliyemsikia akisema vizuri. Baada ya wiki chache mikono itaanza kupanda yenyewe. Hapa L'shi kazi yangu ilikuwa kunyamazisha watoto, kule nimelipwa kuwafungua midomo.

Shida kubwa ya matamshi ni p na b, t na d. Sikio la Mchina halitenganishi sauti hizo kama sisi; linatenganisha iliyo na pumzi na isiyo na pumzi. P ya Kifaransa haina pumzi nyingi, kwa hiyo anaisikia kama b yake, na ukisema "poisson" (samaki) anaandika "boisson" (kinywaji). Kurudia mara mia hakusaidii. Kata karatasi vipande vyembamba, upana wa kidole. Kila mmoja ashike chake mbele ya midomo kwa vidole viwili, kining'inie. Mwambie aseme "pa" ya Kichina: karatasi inaruka. Sasa aseme "papa" ya Kifaransa karatasi isitikisike. Kwa b, aweke vidole vya mkono wa pili kooni: "bébé", na koo litetemeke kabla midomo haijafunguka. Watacheka, vipande vitaanguka, jirani atapulizwa usoni, na mwisho wa saa watu wazima kumi na wawili wataweza kuagiza samaki bila kuletewa soda.

Kwa r, anza na neno lao "he", kunywa. Ile h yao inakwaruza nyuma ya mdomo karibu palepale panapokaa r ya Kifaransa. Mwambie aiseme ndefu, kisha aongeze sauti ya koo. Inatoka.

Namba zina siasa yake. Kwa 70 na 90, kitabu cha Paris kinasema soixante-dix na quatre-vingt-dix. Sisi, kama Wabelgiji, tunasema septante na nonante. Mtahiniwa mfundishe za kitabu. Mhandisi anayekuja Kolwezi mfundishe zote, tena kwa sikio, kwa namba za simu, kwa sababu fundi wa hapa atamtajia mbilimbili bila kupumua: zéro nonante-neuf, septante-deux, na kuendelea. Mwalimu wa Kifaransa aliyekuwa jirani yangu wa ofisi, mtu wa Lyon, aliniambia ninawaharibu. Nikamwambia aje anunue vocha pale Kenya, komini ya hapa Lubumbashi.

Wahandisi hao nilikuwa nawachezea maigizo ya nyumbani. Mmoja anaendesha, mwingine ni roulage, askari wa trafiki, wa barabara ya Likasi anayesimamisha gari. Mchina wangu wa kwanza alishusha kioo akasema, moja kwa moja, "Quel est le problème?", yaani tatizo ni nini? Nikasimamisha mchezo. Kwetu unaanza na bonjour chef, unauliza habari za kazi, ndipo mnafika kwenye gari. Vivyo hivyo kwa mlinzi, kwa mama wa sokoni, kwa mfanyakazi wa zamu ya usiku. Nikawafundisha na "jambo mama, habari ya leo". Saa moja ya salamu ilikuwa na faida kuliko saa tatu za passé simple, vitenzi vya vitabuni, na kampuni iliyowatuma ikaomba niendelee na kundi lililofuata. Hapo ndipo ule uongo wa Ubelgiji ungenigharimu, maana darasa hilo Mbelgiji asingeliweza.

Madogo ya darasani: jina la mtu usiliandike kwa wino mwekundu, huko ni jambo la kifo, sahihisha kwa nyekundu ukitaka, lakini jina liwe buluu. Baada ya chakula cha mchana taa zinazimwa na watu wanalaza kichwa mezani, hata wakurugenzi, kwa hiyo usipige simu. Tarehe 10 Septemba ni Siku ya Walimu. Utapokea maua na kadi, pokea kwa mikono miwili. Bahasha ya pesa kutoka kwa mzazi wa mtahiniwa irudishe. Na kabla ya likizo ya Oktoba Mosi au ya mwaka mpya wao, tazama kalenda vizuri: baadhi ya siku za mapumziko zinalipwa kwa kufanya kazi Jumamosi au Jumapili. Wageni wengi wanakosa kipindi kwa sababu hiyo, wamelala nyumbani wakidhani ni wikendi.

Chakula na mwili

Usianze kwa kutafuta bukari, ugali wetu. Anza na vya kwao, maana Xi'an ni mji wa kula. Yangrou paomo inakuja kwanza kama bakuli tupu na mkate mgumu wa duara. Kazi ni yako: unaumega kwa vidole vipande vidogo kama punje ya mahindi, taratibu, huku mkizungumza. Kisha bakuli linachukuliwa jikoni na kurudi na mchuzi wa kondoo, pamoja na vitunguu saumu vitamu vilivyolowekwa. Ukimega vipande vikubwa vinabaki vigumu ndani, na mpishi anajua kwamba una haraka. Biangbiang ni tambi pana kama mkanda. Pilipili ya unga inawekwa juu yake, kisha mafuta ya moto yanamwagwa palepale, chaa! Mtu wa Lubumbashi hatalalamika. Mwislamu naye hatapata taabu: mtaa wa Wahui nyuma ya Mnara wa Ngoma umejaa vyakula halali, na kibao cha "qingzhen" utakiona kila kona ya mji.

Unga wa mahindi upo, lakini ni wa njano na wanaupikia uji. Bukari yake inakubali, ila inabaki laini na rangi ya mayai. Weka unga mwingi, songa kwa nguvu. Lengalenga, yaani mchicha, zipo kiangazi, zinaitwa xiancai. Sombe (majani ya muhogo) na mawese hakuna sokoni. Mikebuka, samaki wetu wakavu, beba michache tu kama unajua kanuni za forodha, la sivyo watakunyang'anya na utalia bure.

Malaria ni jambo la kuzingatia. Shirika la Afya Duniani liliitangaza China kuwa nchi isiyo na malaria tarehe 30 Juni 2021. Ni habari njema kwao, na hatari kwako: ukirudi kutoka likizo Lubumbashi ukashikwa na homa wiki ya pili, daktari kijana wa Xi'an atafikiria mafua. Mwambie mara moja unatoka Afrika, sema "nüeji", na neno hilo liwe limeandikwa kwa Kichina kwenye simu yako, 疟疾. Omba kipimo cha damu siku hiyohiyo, hospitali kubwa, si zahanati ya mtaa.

Dada zangu, nywele. Meshi, nywele za bandia, tunazonunua hapa sokoni nyingi zinatoka China, na mji wa Xuchang, mkoa jirani wa Henan, ndio makao makuu ya biashara hiyo. Vifaa utaagiza kwa simu, vitafika mlangoni. Mikono ndiyo haipo. Jifunze kujisuka kabla ya kuondoka, au fanya urafiki na wanafunzi wa Kiafrika vyuoni, ambako daima yuko binti mmoja anayesuka Jumapili chumbani kwake, na foleni yake ni ndefu.

Watakutazama. Watoto watanyoosha kidole, mabibi watakushika nywele, na wengine watapiga picha kwa kujifanya wanasoma simu. Anayeomba picha kwa adabu mkubalie ukiwa na nafasi. Anayeiba, mtazame usoni umsalimie kwa Kichina, mara nyingi anaona haya mwenyewe. Nilikuwa nawapeleka wanafunzi wangu makumbusho kuona vinyago vidogo vya udongo vya enzi ya Tang, watu weusi wenye nywele za kujisokota, vilivyotoka makaburini pembezoni mwa mji huohuo. Wataalamu wanabishana watu hao walitoka wapi. Mimi nilitaka tu wajue kwamba mtu mweusi hakufika Xi'an na ndege ya Addis.

Mji wenyewe

Xi'an ndiyo Chang'an ya zamani, mji mkuu wa enzi nyingi, na una vitu vingi kuliko Jumapili zako. Ukuta wa sasa ni wa enzi ya Ming, karne ya 14, mzunguko wake karibu kilomita 14. Kodisha baiskeli juu yake asubuhi kabla jua halijawa kali. Chini yake, kwenye bustani ya nje ya ukuta, wazee wanaimba Qinqiang, opera ya mkoa, kwa sauti ya kupasua mbao. Kaa nao, watakupa kiti. Askari wa udongo waliofukuliwa 1974 wako Lintong, nje ya mji. Usiende wiki ya Oktoba, utaona visogo vya watu. Msikiti Mkuu umejengwa kama nyua za Kichina, bila kuba. Na Mkristo asipite bila kuingia makumbusho ya Beilin, msitu wa mawe yaliyoandikwa: kuna jiwe la mwaka 781 linalosimulia jinsi Ukristo ulivyofika Chang'an mwaka 635. Nilimtumia picha mchungaji wetu wa Katuba, akaihubiri Jumapili mbili.

Mkataba, pesa na kuondoka

Mkataba uwe wa Kichina na wa lugha unayoisoma, na uulize ni nakala ipi inayoamua mkigombana. Macho yako yaende kwenye saa za kufundisha kwa wiki, saa za ofisi zinazotajwa kando, nani analipa tiketi, na mshahara wa miezi ya kiangazi. Shule moja niliyoifanyia kazi ilikuwa na sentensi ndogo iliyosema likizo ndefu inalipwa nusu. Mimi niliiona kabla ya sahihi, wenzangu wawili waliiona Agosti. Usitoke chumbani bila nakala yenye muhuri mwekundu wa duara. Sahihi ya mkurugenzi bila muhuri haina uzito kule.

Kutuma pesa nyumbani kwa njia halali kunahitaji kibali cha kazi, mkataba na uthibitisho kwamba umelipa kodi. Ndipo benki inakubadilishia yuan zako. Kwa hiyo mwajiri anayekulipa mkononi "ili usikatwe kodi" anakuachia pesa zisizotoka nchini. Omba karatasi ya kodi kila baada ya miezi michache, usingoje mwisho.

Ukitaka kuhamia shule nyingine, mwajiri wa zamani lazima afute kibali chako na kukupa barua ya kukuachilia. Bila hizo yule mpya hawezi kukuombea, na siku za ukaazi zinaendelea kuhesabika. Toa taarifa kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa kwenye mkataba, maliza mitihani ya wanafunzi wako, rudisha funguo, kisha uzidai karatasi hizo kabla ya kula chakula cha kuagana. Piga picha zake uziweke kwenye simu, na zile halisi zisafiri kwenye begi la mkononi.